Kukata juniperi ili kulungu wapate malisho: mwongozo kwa anayeanza

Kila Septemba, kazi za kujitolea za kukata miti kule Owyhee, nyika ya Idaho kusini-magharibi, zinapotangazwa, simu yangu haipumziki. Maswali ni yale yale. Nije na nini? Nikate mti gani? Chenso, ule msumeno wa injini, ni lazima? Na lile ambalo halikosi: mbona nyumbani tulifundishwa kupanda miti, na huku tunaalikwa kuikata? Nimeyajibu kanisani, kwenye maegesho ya magari na kwa jumbe za sauti ndefu mno. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Namwandikia Mswahili aliyefika Idaho au Oregon mashariki na hajawahi kukata mti wa aina hii. Kama umenunua ekari zako chache na miti inazidi kukusogelea kila mwaka, mwongozo huu ni wako pia.

Majina kwanza

Tusipoelewana kwenye majina tutakata visivyo.

Juniperi ni ndugu wa mtarakwa. Nilikulia Nyandarua, nguzo za boma letu zilikuwa za mtarakwa, na siku ya kwanza nilipokata juniperi hapa harufu ilinirudisha kwa babu. Lakini mtarakwa wa kwetu unapungua na watu wanaulilia; huu wa huku, ambao wataalamu huuita Juniperus occidentalis, unaongezeka mpaka unafukuza wenzake. (Mzee mmoja aliniuliza kama ndio mti aliolala chini yake nabii Eliya. Hapana mzee, ule ulikuwa mretemu.)

Pakanga ni kile kichaka cha rangi ya fedha kinachojaza nyika yote ya huku, kimo cha goti hadi kifua. Jani lake lina meno matatu nchani. Lisugue vidoleni unuse: ukali wa dawa ya kienyeji. Ni jamii moja na pakanga chungu tunayoijua sisi, na ile artemisia inayopandwa Afrika Mashariki kwa ajili ya dawa ya malaria.

Pashia, yaani Purshia tridentata, huwachanganya wengi kwa sababu nalo jani lake lina meno matatu. Tofauti ni hii: pashia ni ya kijani kwa juu na haina harufu ya kukuziba pua. Hiki ndicho chakula wanachokipenda kulungu. Shika tawi utazame ncha zake. Zikiwa zimenyofolewa, zina nyuzinyuzi, huyo ni kulungu. Hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huvuta akararua. Zikiwa zimekatwa safi kwa mshazari kama kwa wembe, huyo ni sungura. Jifunze kusoma ncha hizo, maana baada ya miaka miwili mitatu ndizo zitakazokuambia kama kazi yako imefaa.

Na kulungu mwenyewe? Wenyeji wamempa jina la nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti. Ni yule mtoto wa punda na farasi, kwa sababu ya masikio. Nitamwita kulungu basi.

Kwa nini tunakata

Juniperi si mgeni hapa. Ni mzaliwa, na iko miti yenye umri wa zaidi ya miaka elfu. Zamani ilikaa kwenye miamba ambako moto haukufika. Kuanzia kama miaka ya 1870 mifugo wengi walikula nyasi zilizokuwa zikibeba moto, baadaye watu wakawa wanazima kila moto unaowaka, na juniperi ikashuka kutoka miambani ikaingia kwenye pakanga. Leo imeenea kwenye takriban ekari milioni 9 huko Oregon mashariki, Idaho kusini-magharibi, California kaskazini-mashariki na kona ya Nevada, na sehemu kubwa ya miti hiyo haikuwapo miaka 150 iliyopita.

Mti ukikomaa hunywa maji ambayo nyasi zingekunywa, na matawi yake hunasa mvua na theluji kabla hazijafika chini. Nyasi hufifia, pashia hufuata, kisha pakanga. Kulungu wakishuka kutoka milimani wakati wa baridi, wanakuta msitu mzuri wa kupigia picha usio na chakula. Nadharia inatosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

*Ruhusa.* Naiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Sehemu kubwa ya nyika hii ni ardhi ya umma, na mwangalizi mkuu ni BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi hiyo. Huwezi kuegesha gari ukaanza kukata kwa sababu una nia njema. Ni kosa la jinai. Jiunge na siku ya kazi iliyopangwa. Kwa shamba lako mwenyewe, nenda kwanza ofisi ya NRCS ya kaunti yako, idara ya serikali kuu inayosaidia wenye mashamba kuhifadhi ardhi: wana mpango wa kuchangia gharama za kuondoa juniperi, lakini mkataba husainiwa kabla ya kazi kuanza. Ukikata leo ukaomba kesho, hupati kitu.

*Mkasi mrefu wa matawi*, ule wa mikono miwili. Ndiyo silaha yako kuu, utashangaa.

*Msumeno wa mkono* unaokunjwa, wenye meno makali pande zote za kwenda na kurudi.

*Chenso* (Wakenya wenzangu husema pawasoo), lakini si lazima. Ukijitolea kwenye ardhi ya serikali kuu huruhusiwi kuishika bila cheti cha mkataji. Kama huna cheti, mkasi na msumeno wa mkono vitakupa kazi ya siku nzima, na hakuna atakayekudharau.

*Kinga ya mwili:* kofia ngumu, miwani, glavu za ngozi, buti zinazofunika kifundo. Kwa mwenye chenso ongeza kinga ya masikio na ile suruali ya kinga inayozuia cheni isifike mguuni.

*Sepetu na kizimamoto*, na chenso iwe na kichujio cha cheche kwenye ekzosi. Wakati wa ukame mamlaka hutangaza masaa ambayo hairuhusiwi kuwasha msumeno kabisa. Uliza asubuhi hiyo hiyo, usitegemee ya jana.

*Maji* lita 4 kwa kila mtu. Hakuna kivuli isipokuwa cha mti unaoukata.

*Utepe wa rangi kali* wa kufunga kwenye miti ya kuachwa. *Tupa* ya kunolea cheni: gome la juniperi ni la nyuzinyuzi, limeshika vumbi na mchanga wa miaka mingi, na cheni mpya huwa butu kabla ya chakula cha mchana.

*Mwenzako.* Simu hazishiki kule. Usiende peke yako.

Kuhusu majira: kuanzia Aprili hadi Julai ndege wana viota kwenye miti hii, usikate. Katikati ya baridi, kuanzia Desemba, kulungu wako kwenye malisho ya baridi na wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini; kila wanapokimbia kelele yako wanayachoma mafuta hayo. Kwa hiyo kwa anayeanza, wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi hadi Novemba, mradi masharti ya moto yanaruhusu.

Hatua kwa hatua

1. Tembea bila msumeno

Acha vyombo garini. Tembea eneo lote ukitazama chini, si juu. Andika unachokiona ardhini: nyasi gani, vichaka gani, udongo mtupu kiasi gani. Mti hautakimbia.

Kisha fanya kipimo hiki rahisi. Chukua kamba ya mita nne, ifunge, itandaze iwe mraba wa mita moja kila upande. Hesabu mashina ya nyasi za kudumu ndani yake. Utazijuaje? Shika shina uvute kwa vidole viwili. Likikugomea, ni nyasi ya kudumu, ina mizizi mirefu. Likitoka lote mkononi kama unyoya, ni chitigrasi, nyasi vamizi ya mwaka mmoja, na utaichukia kabla hujamaliza kusoma. Rudia sehemu kumi tofauti. Ukipata wastani wa mashina mawili au matatu ya nyasi za kudumu kwa kila mraba, ardhi inaweza kujiponya yenyewe ukishaondoa miti. Ukipata chini ya hapo, soma hatua ya 9 kabla ya kukata chochote.

2. Jua uko daraja gani

Wataalamu wameligawa tatizo hili madaraja matatu. Daraja la kwanza: juniperi zimetawanyika, nyingi fupi, lakini pakanga na nyasi ndizo wenye nyumba. La pili: wanagawana nyumba. La tatu: miti imefunga, chini ni udongo mtupu, na pakanga imebaki vijiti vya kijivu vilivyokufa vimesimama.

Mgeni akipewa msumeno hukimbilia daraja la tatu, kwa kuwa ndiko tatizo linakoonekana. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Kule chini hakuna kilichobaki cha kuchukua nafasi ya mti. Ukiuondoa, umefungulia mlango chitigrasi. Gharama ni kubwa na kulungu hafaidi kwa miaka mingi. Daraja la kwanza, ambako mtu anakuuliza “hapa tatizo liko wapi?”, ndiko saa moja ya mkasi inakookoa chakula ambacho tayari kipo.

Ndivyo ulivyopangwa hata mradi mkubwa wa Owyhee unaoitwa BOSH, ambao BLM waliuidhinisha ufike zaidi ya ekari laki sita. Wanalenga miti iliyotawanyika ndani ya pakanga, hawaanzi na msitu mzito.

3. Wafunge utepe wazee

Kabla ya kukata hata mche mmoja, tafuta miti ya kale uifunge utepe. Kijana ana umbo la pia iliyogeuzwa, ncha kali juu, matawi ya kijani mpaka chini. Mzee amejikunja: kichwa kimepasuka au kimekuwa bapa, gome ni jekundu lenye mifereji ya kuingiza vidole, matawi makubwa makavu yamebaki juu, kuna mashimo ya ndege, na mara nyingi kuvu-mwani wa rangi ya manjano ya kung'aa umejishikiza kwenye mbao kavu. Mara nyingi amesimama kwenye mwamba.

Usiangalie unene peke yake. Nimehesabu pete za kisiki cha mti usiofika bega langu nikapata zaidi ya 30, na nimeona mti mnene kama pipa uliokua haraka karibu na maji. Kama una shaka, uache. Kosa la kuacha utalirekebisha mwaka ujao. Kosa la kukata mzee wa miaka mia tano halina dawa.

4. Amua unamkatia nani

Hapa ndipo watu wengi hubishana, na wote wana haki.

Kwale wa pakanga, ndege anayelindwa sana huku, hataki mti karibu naye. Utafiti uliofanyika Oregon ulionyesha kwamba kwenye viwanja vyao vya kuchezea ngoma ya kutafuta wenzi, miti ikifunika hata asilimia 4 tu ya ardhi, hawaonekani tena. Mti kwake ni mahali anapotua mwewe. Kulungu si hivyo. Anataka chakula mahali pa wazi, lakini pia anataka pa kujificha na pa kukinga upepo usiku wa theluji. Shamba lililonyolewa lote halimfai.

Kwa hiyo uliza: eneo hili ni la nani? Kama ni la kwale, ondoa miti yote isipokuwa wazee. Kama ni la kulungu, acha vishungi vya miti, hasa kwenye miteremko ya mawe na kingo za makorongo, na kingo za sehemu uliyokata ziwe za kupindapinda. Kipimo ninachotumia ni kwamba kulungu akiwa anakula asiwe zaidi ya mita 200 hivi kutoka mahali pa kujificha. Ardhi ya umma uamuzi huu umeshafanywa na wenye mradi; fuata ramani yao, usijitungie yako.

5. Anza na wadogo, na wadogo wamejificha

Piga goti kwenye pakanga kubwa. Fungua matawi yake kwa mikono miwili kama unavyofungua pazia. Mara nyingi katikati kabisa, kivulini, kuna mche wa juniperi wa urefu wa kiganja. Mbegu yake ililetwa na ndege aliyekula tunda la bluu akatua hapo, na pakanga ikaulea kwa kivuli na unyevu. Mche huo ndio utakaokuja kumuua mlezi wake.

Usimtafute kwa umbo la mti mkubwa. Majani ya mche ni sindano zinazochoma, wakati ya mti mkubwa ni magamba laini. Wengi wanaupita kwa kudhani ni mmea mwingine.

Pita kwa mistari, watu wakiachana hatua tano au sita, kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Chunguza pia chini ya seng'enge za mashamba: ndege hutua kwenye waya, na juniperi huota kwa foleni chini yake.

6. Kata chini ya tawi la mwisho la kijani

Ukisahau yote, hili usisahau. Juniperi ya huku haichipui kutoka kwenye kisiki wala mizizi. Inachipua tu kama umeacha tawi la kijani. Basi kata chini kabisa ya tawi la mwisho lililo hai.

Mwaka wangu wa kwanza nilikata miche mingi kwa mkasi, nikaringa. Nilirudi baada ya majira mawili ya joto nikakuta sehemu yake imetanda kama mikeka ya kijani. Kila mahali kisa kilikuwa kimoja: kitawi cha urefu wa kidole, kilichofukiwa na vumbi na majani makavu, sikukiona. Sasa natumia mguu: nasogeza takataka kwa buti mpaka nione udongo, nainama, napapasa kwa kidole kuzunguka shina, ndipo nakata. Ni sekunde kumi zaidi kwa kila mche. Kisiki kiwe kifupi iwezekanavyo, kisizidi urefu wa kiganja.

7. Miti ya kimo cha mtu na zaidi

Juniperi ina matawi mpaka chini, na yanakuzuia kuliona shina. Ondoa kwanza matawi ya chini upande unaosimama. Tazama mti umeegemea wapi na uamue utaangukia wapi. Usiuangushe juu ya pashia. Nilifanya hivyo mara moja: nikaokoa mita chache za nyasi nikavunja kichaka ambacho kulungu walikuwa wamekila kwa miongo.

Shina jembamba, chini ya sentimita 10, litatosheka na msumeno wa mkono. Kwa mwenye cheti na chenso:

a) Kila mtu akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti.
b) Safisha njia ya kurudi nyuma kwa mshazari kabla ya kuwasha.
c) Usitumie ncha ya juu ya baa (ule upanga unaozungukwa na cheni) kukata. Ikigusa tawi lililojificha, msumeno huruka kuelekea usoni, na juniperi imejaa matawi yaliyojificha.
d) Mashina yakiwa mawili au matatu kutoka mzizi mmoja, kata moja moja, ukianza na lililoegemea nje.

Mti mnene kuliko paja lako mwachie mzoefu. Sikutishi, juniperi hukua kwa kujipinda, na shina lililojipinda likikatwa hufyatuka upande usiotarajia.

8. Tawanya, usirundike

Kwenye daraja la kwanza, kata matawi ya mti ulioanguka yalale karibu na ardhi, kimo kisizidi mita moja, kisha yaache. Yatakinga upepo, yatashika theluji, na miche ya nyasi itaota chini yake bila kuliwa na ng'ombe. Usiyatupe juu ya pakanga wala pashia.

Majani hubadilika kuwa mekundu na kubaki kwenye matawi miaka miwili au mitatu, na katika muda huo huwaka kama petroli. Kwa hiyo karibu na nyumba, barabara au seng'enge, yaondoe kabisa. Penye miti mingi zaidi hurundikwa na kuchomwa wakati ardhi imeganda au ina theluji. Hiyo ni kazi ya wenye kibali na kikosi cha moto. Duara linalobaki chini ya rundo lililoungua huwa limekufa kabisa, kwa hiyo hupandwa mbegu mara moja.

9. Mbegu, pale tu inapobidi

Kama hatua ya 1 ilikuonyesha mashina ya kutosha, ruka hapa.

Ukihitaji kupanda, tumia nyasi za kudumu za asili ya eneo hilo na pakanga ya aina ya pale pale. Pakanga kubwa ina jamii zake ndogo, ya milimani, ya nyika kavu na ya mabonde yenye udongo wa kina kirefu, na ukipanda ya milimani kwenye nyika kavu itakufa. Mbegu yake ni vumbi. Ratili moja ina zaidi ya milioni. Haifukiwi. Imwage juu ya ardhi kati ya Novemba na Januari, hata juu ya theluji, na theluji ikiyeyuka itaikandamiza. Usinunue ya mwaka juzi kwa sababu ni rahisi. Hupoteza uhai haraka.

Pashia ni kinyume chake: mbegu kubwa kama punje ya mchele, hufukiwa sentimita 1 hadi 2 wakati huu huu wa kuelekea baridi, maana bila baridi haiamki. Panya wataiba baadhi. Wasamehe, porini pashia nyingi unazoziona zilipandwa na panya waliosahau walikoficha. Hapa Boise idara ya wanyamapori ya jimbo, Idaho Fish and Game, ina watu wa kujitolea wanaokusanya mbegu hizi na kupanda miche kwenye malisho ya baridi ya kulungu. Ukitaka kujifunza kwa macho, anzia huko.

Baada ya kupanda, ng'ombe wakae nje kwa majira mawili ya kuota.

10. Weka alama, urudi

Piga picha kutoka mahali pamoja, ukielekea upande mmoja, kila mwaka mwezi ule ule. Pigilia kigingi cha chuma hapo ili usibahatishe. Rudi na mkasi baada ya miaka mitano hivi, kwa sababu mbegu zilizobaki ardhini zitaota na ndege hawajaacha kuruka. Mara hii itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Mambo yakienda kombo

*Kisiki kimechipua.* Uliacha kijani. Kata upya chini zaidi. Lakini kama uko New Mexico, Arizona au Texas, huenda una aina nyingine: iko juniperi ya huko yenye gome la vigae kama ngozi ya mamba, na nyingine ya Texas yenye matunda mekundu, na hizo huchipua kutoka kisikini hata ukikata vizuri. Mwongozo huu hauzitoshi.

*Chitigrasi imejaa nilipokata.* Utaijua Juni: inainamisha kichwa, inageuka zambarau kisha rangi ya majani makavu wakati nyasi nyingine bado za kijani, na mbegu zake zinakuchoma soksini. Kipande kidogo king'oe kabla mbegu hazijakomaa. Kikiwa kikubwa, usikate tena miti hapo karibu mpaka umeongea na mtaalamu wa magugu wa kaunti. Zipo dawa zinazonyunyizwa kabla mbegu hazijaota, lakini ukikosea wakati au kipimo unaua na ulichokuja kuokoa.

*Miaka mitatu imepita na pakanga haionekani.* Nyasi hurudi kwanza, ndani ya miaka miwili mitatu. Pakanga huchukua muongo au zaidi, hasa penye ukavu. Kama ulipanda na hakuna hata mche mmoja, uwezekano mkubwa uliifukia.

*Pashia zangu zimeliwa mpaka udongoni.* Hiyo ni habari njema iliyokuja mapema. Zungushia wavu wa waya kila mche mpaka ufike kiunoni, kisha fungua.

*Kulungu hawaji.* Hufuata njia walizofundishwa na mama zao, na hawazibadilishi kwa sababu wewe umekata miti Oktoba. Wape misimu kadhaa. Wakati huo acha mbwa nyumbani. Usisimame barabarani na darubini, nenda kasome ncha za pashia.

*Nimekutana na nyoka mwenye njuga mkiani.* Simama, msikilize yuko wapi, rudi nyuma polepole. Usiingize mkono chini ya rundo la matawi bila kulitikisa kwanza kwa fimbo ndefu. Na jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti.

*Mikono imeganda utomvu.* Sabuni haitoi. Paka mafuta ya kupikia, sugua, ndipo uoshe.

*Naweza kuchukua mbao?* Muulize mwenye ardhi au mwenye mradi. Kwenye ardhi ya umma kuna vibali vya kuni na vya nguzo. Shina lililonyooka, ambalo ni nadra, chagua lenye moyo mwekundu mwingi. Hilo jekundu ndilo lisilooza ardhini, kama la mtarakwa. Yangu manne nimeyachimbia nyuma ya nyumba, yanashikilia waya wa kuku.